Unga wa Mbao Kwenye Shamba la Shule

Butembo, siku ya mwisho kabla hujaondoka

Kavira,

Uko kanisani, wanakwaya wanakuaga, na mimi nimebaki nyumbani na kalamu kwa sababu mdomo unanishinda kila nikikutazama. Nitaiweka karatasi hii juu ya sanduku lako. Uisome leo, usiingoje njia.

Mambo ya blanketi, ya chumvi, ya dawa ya malaria na ya namna ya kumsalimu prefe, yule mkuu wa shule mpya ya Luofu, mashangazi zako wamekwisha kuyasema, na mengine wameyasema mara mbili. Mimi nina jambo moja tu. Juzi tulikuwa tunachambua maharage mlangoni, ukaniuliza kama mwalimu anavyomuuliza mwalimu mwenzake: "Mama, somo ya azoti niianze namna gani?" Niliinuka nikaingia jikoni. Ulisikia sufuria ikianguka. Haikuanguka, niliitupa. Nawe ukanyamaza kama unavyonyamaza tangu tutoke Mangina, na mimi nikakuacha unyamaze, kwa sababu kimya chako kinanifaa.

Sasa nakujibu. Jibu ni refu na halina utamu.

Unakumbuka Mangina kama mtoto anavyokumbuka, mvua, mpunga, njia ya mtoni. Mimi nakumbuka nilivyokuwa mtu mkubwa pale. Baba yenu alikuwa amekwisha kufa, tulibaki watatu, mimi na wewe na Paluku mdogo wako, na nilifundisha kilimo katika shule yetu ya sekondari. Wazee waliolima kabla sijazaliwa walikuja na udongo wao ndani ya jani la ndizi waniulize unakosa nini. Heshima ile iliingia kichwani kama pombe. Darasani niliwafundisha kusoma mahindi. Jani likiwa la zambarau, mmea unakosa fosfori. Kingo zikiungua kama zimepitishwa motoni, unakosa potasi. Na majani ya chini yakianza njano kwenye ncha, njano ikashuka katikati ya jani kuelekea shina, ni azoti imekosekana, ile inayoupa mmea rangi ya kijani na nguvu ya kuinuka. Mliyasema hayo kwa pamoja mpaka bati likalia. Aliyesahau nilimpiga. Wewe nilikupiga kuliko wengine, ili watu wasiseme mwalimu anapendelea binti yake. Ndiyo maana ulikuwa husahau.

Halafu vita ikafika kwetu, na kikosi kimoja kikalala katika madarasa. Sitaandika jina la kikundi chao. Walikuwa wanabadilisha majina kuliko mashati. Mkubwa wao tulimwita Komanda. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, na nilidhani mtu wa sauti ya chini hana akili ya mbali. Siku ya kwanza alitembea katika shamba la shule, lile la bondeni lenye udongo mweusi, tulilolipumzisha na kulilisha samadi miaka yote. Akainama, akachukua udongo, akaunusa. Kisha akaniita. Alitaka mahindi ya askari wake, wanafunzi wayalime, mimi niwasimamie. Hakunitisha. Aliniuliza tu kama nimeelewa.

Nilikwenda nyumbani na wazo, na wazo lile lilinifurahisha, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilifikiri askari hukaa pale anapokula. Shamba likikataa, wataondoka watafute kwingine. Nyuma ya soko watu wa kupasua mbao walikuwa wameacha kilima cha unga wa mbao, mbichi, wenye harufu ya mti. Unajua leo unga ule unafanya nini, umesoma. Ukiuchanganya na udongo kabla haujaoza, vijidudu vya udongo vinaushambulia, na kwa kazi hiyo vinakula azoti yote iliyo karibu. Mahindi yanabaki na njaa juu ya udongo ulioshiba. Nilimwambia Komanda kwamba ni mbolea. Akasema vizuri, mwalimu ndiye anajua.

Mliubeba ninyi. Darasa zima, kwa mabeseni, kichwani, toka sokoni mpaka bondeni, na jua likiwaka. Unga uliwaingia machoni. Paluku naye alikuwa anafuata nyuma na kasufuria kake, akidhani ni mchezo. Tulipokuwa tunaufukia ulinisogelea, ukasema polepole: "Mama, ulitufundisha mbolea inaozaka kwanza."

Nikakujibu: "Huku mimi si mama yako. Chimba."

Nataka ukumbuke kwamba uliniuliza. Mimi nimekumbuka kila siku.

Mahindi yakaota, yakafika magotini, yakaanza kugeuka rangi. Nilikuwa napita kando ya shamba kila asubuhi kuangalia njano ikipanda, na moyo wangu ulikuwa unacheza. Ndiyo, Kavira, nilifurahi kuona mimea inakufa njaa, mimi niliyewapiga watoto wa watu kwa kusahau namna ya kuiponya.

Komanda akaja na askari wawili, akatuita sote kandokando ya mstari wa kwanza. Aliniuliza ni nini. Nikasema ni wadudu wa mizizi, msimu huu wako wengi, hakuna dawa. Nilisema kwa sauti ya darasani. Aliling'oa hindi moja, akatazama mizizi. Ilikuwa mizima, myeupe. Hakuniuliza tena. Aliwageukia wanafunzi, akauliza kama mwalimu wao aliwafundisha kitu, au alikuwa anakula mshahara bure.

Hapo ndipo ulipoinua mkono.

Miaka yote nimejifanya sijui kwa nini uliuinua. Ninajua. Uliona ananidharau mbele ya darasa. Uliona mama yako amekosea jibu, jambo ambalo hujawahi kuliona, ukadhani nimesahau kwa woga. Ulitaka kuniokoa. Ukasimama wima kama nilivyokuzoeza, ukasema: "Mahindi haigonjwe, Komanda. Iko na njaa ya azoti. Mama njo alitufundisha."

"Na hiyo azoti ilienda wapi?"

"Bunga ya mbao njo iliikamata. Haikuoza."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mkaguzi wa shule aliyeridhika. Akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akakupa pakiti ya biskuti. Uligawana na Paluku. Nilikutazama ukimpa kubwa.

Walinifungia katika chumba cha vifaa vya kilimo, katikati ya majembe. Nilijua wataniua, na niseme kweli, nilikuwa tayari. Kufa kungeniacha na jina zuri. Komanda alilijua hilo. Alipofungua mlango alikuwa ameshika kopo la mafuta ya kupikia, lile kubwa, tupu. Akaniambia: "Mutu mwenye amekufa halipe kitu. Basoda bangu batakula. Ni nyinyi hamutakula. Na wewe mwenyewe njo utatembea mu manyumba."

Kila Jumamosi nilipita nyumba kwa nyumba na kopo lile, askari wawili nyuma yangu. Kila nyumba ilijaza kopo, maharage au mpunga, na mmoja wa askari alikuwa na kazi ya kusema mlangoni kwamba ni kwa sababu shamba la mwalimu limekufa. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza, ili watu waone. Mashamba mengine yalikuwa ng'ambo ya msitu, na aliyekwenda huko hakurudi, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na kile tu kilichokuwa chini ya kitanda. Wazee walioniletea udongo ndani ya jani la ndizi walimimina maharage yao bila kunitazama. Mama Kahindo, jirani yetu, aliyekuwa anakusuka nywele, alijaza kopo, akafuta juu kwa mkono kusawazisha, akasema: "Utuhesabie muzuri, Mwalimu." Mtoto wake wa mwisho alikuwa mgongoni, na miguu yake ilikuwa imekwisha kuvimba.

Sasa sikiliza jambo ambalo hulijui.

Askari wale wawili walikuwa wavivu. Mara nyingi walikaa kivulini na kuniacha nipeleke magunia peke yangu mpaka bohari. Ningeweza kuchukua konzi moja ya maharage. Konzi moja kila Jumamosi, ndani ya kitambaa cha kiunoni, hakuna ambaye angejua. Sikuchukua. Nilijiambia kwamba watu wamekwisha kunichukia kwa ujanja wangu, wasipate kunichukia kwa wizi pia. Nilitaka mikono safi. Paluku alikuwa ameacha kucheza. Nywele zake ziligeuka nyekundu, laini kama za mahindi, uso ukajaa, ngozi ya miguu ikawa inang'aa, ukiibonyeza inabaki na shimo. Ni ile bwaki, utapiamlo wa kuvimba, kila mama wa kwetu anaijua kwa macho. Mimi nilikuwa naijua kwa kitabu pia. Mwili wa mtoto unajengwa kwa azoti ile ile, inatoka kwenye maharage, na maharage yalikuwa kichwani mwangu kwenye gunia.

Nilipika sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, nikakupa wewe kidogo na yeye kidogo, mimi nikanywa maji yake. Nilifikiri hiyo ndiyo sadaka. Ningeiba, Kavira. Kama ningerudishiwa Jumamosi moja tu kati ya zile, ningeiba, na ningeiba kwa Mama Kahindo mwenyewe. Usiruhusu mtu akuambie kwamba uaminifu wangu ulikuwa mzuri. Ulikuwa kiburi kilichobaki baada ya kiburi cha kwanza kuharibika.

Paluku alikufa asubuhi, wakati wewe umekwenda kuteka maji. Ulirudi na ndoo, ukaiweka chini bila kumwaga hata tone, ukanitazama. Watu hawakuja. Kwetu hata adui huja msibani, lakini hawakuja. Alikuja katekista, na fundi wa masanduku aliyechukua mlango wa choo chetu kutengeneza sanduku. Na Mama Kahindo alisimama mbali, mgongo wake mtupu. Yeye alikuwa amemzika wake kabla yetu.

Na pale, udongo haujajaa, nilikuinamia sikioni. Katekista alidhani nakufariji. Nilikuambia: "Ulijibu vizuri. Ona sasa."

Hukulia. Uliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kazi ya nyumbani.

Nilikuwa natafuta mahali pa kuuweka mzigo, na wewe ulikuwa karibu, na ulikuwa mdogo, na ulizoea kubeba. Hayo ndiyo yote. Hakuna sababu nyingine ya maana, nimetafuta. Miaka hii yote umekwenda shule, umepika, umenifulia, umesoma kilimo bila kuniomba ruhusa, na ulipopata diploma nilikuambia neno lingine baya, kwamba naona udongo haujakutosha. Nilikuwa naogopa. Kila nilipokuona na kitabu kile nilidhani unatafuta ndani yake mahali ambapo jibu lako lilikuwa kosa.

Kosa hilo halimo. Jibu lako lilikuwa sawa, kila neno. Kosa lilikuwa kwangu, na halikuwa kwenye unga wa mbao. Watu wenye bunduki wamedanganywa na wengine kabla yangu na watadanganywa tena, silii kwa hilo. Kosa lilikuwa siku ya kufukia, uliponiuliza kama mbolea haiozi kwanza. Ningekuambia kweli, hata kwa kukukonyeza jicho, mkono wako ungebaki chini mbele ya Komanda. Nilipigana vita yangu kwa vichwa vyenu watoto, darasa zima, na sikumwambia hata mmoja anabeba nini. Niliona ninyi ni mabeseni.

Kwa hiyo somo la azoti lianze hivi. Wapeleke shambani, uwaache waone jani lenyewe, wakuambie wanaona nini kabla hujawaambia kitu. Na yule atakayekuja kuuliza swali linalokusumbua, yule hasa, umjibu siku ile ile. Kama huwezi kumjibu, mwambie huwezi na kwa nini. Usimwambie achimbe. Fimbo uiache. Mengine yamo kwenye vitabu.

Ulikuwa unajua kwamba shamba lile lilipona? Komanda na watu wake waliondoka asubuhi moja bila kuaga, wakaingia wengine, na sisi wawili tukashika njia ya miguu kuja huku Butembo. Wewe ulibeba sufuria, mimi sikubeba kitu, sikumbuki kwa nini. Msimu uliofuata unga wa mbao ulikuwa umekwisha kuoza, ukarudisha kila ulichokamata na zaidi. Walioingia walivuna mahindi marefu kuliko yote ya bonde lile. Nilijua itakuwa hivyo. Nilikuwa nimewafundisha ninyi kwamba udongo unarudisha, mkaandika, nikaweka alama nyekundu. Waliokula si waliofukia.

Bado jambo moja, na hili utanichukia nalo, basi unichukie ukiwa unajua.

Mwaka jana, ulipokuwa kwenye mitihani, Mama Kahindo alikuja hapa. Alikuwa ameleta mchele kuuza, akaulizia nyumba yangu sokoni. Nilimwekea kiti, akakaa kwenye kizingiti. Nilimpa chai, akaiacha ipoe. Amezeeka, amebaki na binti mmoja tu anayesoma pale pale, kwenye madarasa yale yale. Alinieleza kwamba watu wanalima vipande vilivyo karibu na nyumba tu, kila msimu bila kupumzisha, kwa sababu msituni hakuendeki, na udongo umechoka mpaka muhogo unatoka kama kidole. Shule haina mwalimu wa kilimo. Wanaopelekwa wanafika, wanasikia milio, wanarudi.

Nilianza kusema maneno niliyoyatayarisha miaka mingi, kuhusu mtoto wake. Alinyoosha mkono kuninyamazisha.

"Sikuje juu ya ile. Ile sikusamehee, na sitakusamehea mpaka nikufe. Lakini Kavira iko anasoma hii kazi. Batoto ba kwetu banalima udongo yenye imekufa. Umutume."

Nikamwambia nitakuambia. Akainuka, akapangusa nguo, akaenda.

Sikukuambia. Siku mbili baadaye nilikwenda kwa abé, padri anayeshughulikia mambo ya shule, nikamwomba kwa machozi akutafutie nafasi kusini, mbali iwezekanavyo. Luofu haikukuchagua, nilikuchagulia mimi. Ulipoleta karatasi ya kazi ukicheka, mara ya kwanza nakuona unacheka na meno tangu tulipotoka kule, nilijifanya nimeshangaa.

Sijui ni nini kizuri kwako. Ningejua, ningekuamuru, unanifahamu. Luofu nako kuna watu wenye bunduki, lakini hakuna anayekujua. Mangina wanakujua wote, na wengine watakutazama mkono wa kulia kila utakapouinua kuandika ubaoni. Kaburi la Paluku liko nyuma ya kanisa, upande wa migomba, kama halijalimwa. Siendi. Sina miguu ya kwenda huko.

Gari la Luofu linaondoka asubuhi. La Beni nalo linaondoka asubuhi, na Beni kuna vijana wa pikipiki wanaofika mpaka Mangina siku barabara ikiwa tulivu. Nauli ya njia zote mbili inalingana, nimeulizia. Nimefunga sanduku lako kwa kamba, na sikuandika juu yake jina la mahali.

Nitakusindikiza mpaka barabarani. Gari utalisimamisha wewe mwenyewe.

Mama yako